Tundu Ukutani mwa Jiko

Asubuhi hiyo, jikoni kwa Ma Alistidia kule Buganguzi, walikuwapo watu wanne: Ma Alistidia mwenyewe, mwanawe Avit, Renatha mke wa Avit, mwenye mimba ya miezi sita, na Consolata, mhudumu wa afya wa kijiji. Wote walitazama tundu lililokuwa ukutani.

Lilikuwa karibu na mafiga. Jumatatu lilitosha kidole. Leo, Ijumaa, lilimeza ngumi. Kingo zake zilikuwa na alama za kucha.

"Panya," Avit alisema.

"Panya gani huyo mwenye kucha za mtu?" mama yake alimkatiza.

Ma Alistidia aliogopa. Ukuta uliwahi kuchimbwa mahali palepale, siku za Klaudia, mke wa mwanawe mkubwa. Klaudia alifariki akijifungua. Baada ya mazishi, Ma Alistidia aliliziba tundu kwa mikono yake. Sasa kiraka kimefunguka.  "Mzimu wa Klaudia unatafuta nini?" aliuliza.

Consolata aliushika mkono wa Renatha, akaugeuza. Chini ya kucha mlikuwa na udongo mwekundu. Akamvuta kope ya chini. Ndani palikuwa peupe.

"Nisamehe, mama," Renatha alinong'ona. "Nikisikia harufu ya ukuta, mkono unakwenda wenyewe."

"Huu si mzimu, ni upungufu wa damu," Consolata alisema. "Huweza kuleta hamu ya udongo. Lakini udongo hauongezi damu, huleta minyoo. Anakula nini?"

"Ndizi na chumvi," Ma Alistidia alijibu.

"Na dagaa?"

"Mwiko! Mtoto atazaliwa na macho ya dagaa."

"Ma Alistidia, mama yangu alikula dagaa mimba nzima. Haya, nitazame macho."

Avit alicheka. Mama yake hakucheka.

"Klaudia naye nilimkataza," alisema polepole.

Siku hiyohiyo Renatha alipimwa zahanati, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Jioni Consolata alipika pamoja nao chungu kimoja: ndizi, maharage, mchicha na dagaa waliooshwa vizuri. Kando aliweka papai.

"Chai na kahawa zisubiri saa nzima baada ya chakula," alionya. "Zikinywewa pamoja nacho, hupunguza faida yake kwa damu."

Baada ya wiki nane, kipimo kilionyesha damu imepanda. Tundu halikuongezeka tena. Avit akaleta udongo wa kuliziba.

Ma Alistidia alisimama mbele ya ukuta.

"Sikilizeni wote. Tundu hili halizibwi kwa sasa, libaki litukumbushe. Tangu leo, mjamzito wa nyumba hii atapakuliwa kwanza, tena na dagaa. Siku mtoto atakapotambaa hadi hapa, nitaliziba mwenyewe. Klaudia nimekwisha kumwambia."