Ujumbe Uliopotea Njia

Saa 4:15 asubuhi.

"Mhasibu analipa leo," Shangazi alisema. "Saa nane, akitoka kula. Akilipa kwetu, tumeula. Akinyanyua simu kuuliza, tumekwisha."

Chumba cha nyuma cha duka la fotokopi kilinuka wino. Watu wanne, meza moja, kompyuta moja. Wiki tatu walikuwa wameishi ndani ya barua pepe za yule mhasibu kama kunguni kwenye godoro. Mlango aliwafungulia mwenyewe, siku alipopokea ujumbe kwamba sanduku lake limejaa, bonyeza hapa. Akabonyeza. Tangu hapo walisoma kila kitu: nani anaiuzia kampuni saruji, analipwa lini, anatoa salamu gani. Leo wangejifanya yule muuza saruji. Tumebadilisha benki, akaunti mpya ni hii.

Barua aliiandika Karani. Barua zote aliandika Karani. Kila mtu alimwita mama yule Shangazi, lakini Karani alikuwa mtoto wa kaka yake kweli, na ndiyo maana akaunti ya kupokelea pesa ilikuwa mkononi mwake peke yake. "Funguo anashika damu," Shangazi alizoea kusema. Karani alilipenda neno hilo kuliko mgao wenyewe.

Sindano akaivuta kompyuta. Alikuwa mgeni kwenye kundi, mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti.

"Hii 'haraka sana' itoe," alisema. "Na hii 'usimwambie mtu'. Siku hizi watu wameshafundishwa. Wakiona haraka na siri, wanajua ni mwizi."

"Maneno hayo yamepiga watu kabla wewe hujajua kuwasha kompyuta," Karani alisema.

"Toa, mwanangu," Shangazi akamwambia Sindano. "Una kichwa wewe."

Mwanangu! Miaka yote hiyo Karani alikuwa "wewe" na "njoo hapa". Kwa wivu akaisukuma chai yake pembeni. Bondia, mlinda mlango, akacheka kwa pua.

"Vipi, Karani? Umeletewa mke mwenza?"

Saa 6:40 mchana.

Barua ilikwenda. Mhasibu akajibu kwa adabu: ameipata, atalipa baada ya chakula. Hakupiga simu. Shangazi alimpigapiga Sindano begani mbele ya wote, kisha akaenda mbele dukani kuhudumia wateja. Sindano akatoka kununua vocha. Karani alibaki na kompyuta na roho yake mbaya.

Saa 7:30.

Simu ikatetemeka. Barua pepe, kutoka kwa Shangazi.

"Sindano mwanangu, pesa zikiingia, Karani tunamtupa. Mgao mpya uko hapa. Fungua sasa hivi, usimwonyeshe mtu, naufuta baada ya dakika kumi."

Ulikuwa wa Sindano, ukapotea njia, ukamwangukia yeye. Ndivyo alivyouelewa. Mtu anayekula kwa kutega wenzake alipaswa kunusa. Shangazi mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia, akibishana na mteja juu ya bei ya nakala. Kuuliza ilikuwa kufungua mdomo tu. Lakini mwenye wivu haulizi, anachungulia.

Akabonyeza. Ukurasa ukataka nywila. Karani alikuwa na nywila moja kwa kila kitu, upumbavu uleule aliowacheka watu wote aliowaliza. Akaiandika. Ukurasa ukataka namba ya uthibitisho. Papo hapo ujumbe wa benki ukaingia: usimpe mtu yeyote namba hii. Hakuumaliza. Alichotaka kuona ni jina lake, limekatwa au halijakatwa. Akajaza namba.

Ukurasa ukawa mweupe, hauna kitu.

Saa 8:25.

Simu ya Karani ikalia. Pesa zimeingia. Shangazi alikuja mbio, akapiga kigelegele cha chini chini. Hajakimaliza, simu ikalia tena. Pesa zimetoka. Zote.

"Sindano yuko wapi?"

"Alienda kununua vocha," Bondia alisema, na mwenyewe akasikia ujinga wa maneno yake.

Shangazi alimgeukia Karani. "Funguo unazo wewe. Umezifanya nini?"

Karani alimpa simu. Shangazi aliiangalia, akamrudishia. "Nisomee."

Akamsomea. Sauti ilimkauka kwenye "mwanangu".

"Na unasema nimeandika mimi?"

"Umekuja na jina lako, Shangazi. Niliumia. Niliona unampenda kuliko mimi."

"Mimi najua kusoma?"

Karani alitikisa kichwa.

"Barua zangu zote, tangu tuanze kazi hii, nani ananiandikia?"

"Mimi."

"Hata hilo sanduku la barua nani alinifungulia?"

"Mimi, Shangazi."

"Yule nilimsifu. Mgeni husifiwa." Sauti ya mama ilivunjika, akaikaza. "Wewe nilikukabidhi mdomo wangu."

Karani alipiga magoti. Bondia alikwishafunga mlango wa uani na kukunja mikono ya shati, lakini hakusogea.

"Shangazi," alisema, "huyu ni damu yako."

Shangazi alichukua mkoba wake mezani.

"Ndiyo maana natoka nje kwanza."