Blanketi Haliendi Uchi

Kila asubuhi Lusia alimfungulia ng'ombe, akafagia uani na kuteka maji, kisha akaenda nyumba ya jirani kumwamsha binamu yake Juje. Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa kazi hasa. Juje alilala kama gogo, na jogoo angeweza kuwika sikioni mwake asigeuke.

"Amka, mvivu! Kiporo kinaisha."

Neno kiporo lilimwamsha. Walikula wali wa jana kwa achari ya embe mlangoni kwa Bibi Anjelin, bibi yao wote wawili, kisha wakashika njia ya msitu wa misaji kwenda shuleni, pembezoni mwa mji wa Yellapur. Watoto wa Kisidi, Wahindi wenye asili ya Afrika, walikuwa wachache katika shule ile. Nywele zao na weusi wao viliwatambulisha kabla hawajafungua mdomo.

Mwalimu Ganapati hakuwa mtu mbaya. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alichofanya mwaka jana ndicho alichotaka kufanya mwaka huu.

"Jumatatu ijayo ni sikukuu ya jimbo," alisema asubuhi hiyo. "Wageni watakuja kutoka wilayani, na kila kundi litaonyesha historia ya watu wake. Nyinyi Wasidi mnajua kazi yenu. Majani kiunoni, chokaa usoni, na ile ngoma yenu. Wageni wanaipenda sana."

Lusia alihisi uso unamwaka moto. Mwaka jana alicheza akiwa na majani. Ngoma ilipokwisha, mgeni mmoja mnene mwenye skafu ya hariri alimshika nywele, akazifinyafinya kama mtu anayepima sufu ya kondoo mnadani, akamwambia mwenzake, "Kumbe laini!" Watu walicheka. Lusia naye alicheka, kwa sababu hakujua la kufanya. Alipofika nyumbani aliosha chokaa kisimani huku akilia, na hakumwambia mtu.

Akasimama. "Samahani, mwalimu. Kwetu hakuna mtu anayevaa majani."

"Ni igizo tu, Lusia."

"Bibi yangu anavaa sari. Baba anavaa suruali. Hata ng'ombe wetu hatumvishi majani, mwalimu. Anayala."

Darasa liliangua kicheko. Prakash, aliyekaa dawati la nyuma na ulimi wake mrefu, akadakia, "Acheni kujifanya! Si mlitoka msituni jana tu?"

"Hatukutoka msituni," Lusia alimjibu bila kugeuka. "Tulikimbilia msituni. Ni mambo mawili tofauti."

Mwalimu Ganapati aligonga meza. "Basi! Lusia, unataka kuonyesha nini badala ya ngoma ya majani? Niletee Ijumaa kitu cha kutundika langoni, chenye historia yenu. Kikifaa, majani yatabaki mtini. Kisipofaa, utavaa kama wenzako, na wewe ndiwe utakayeongoza."

"Nitaleta, mwalimu," alisema Lusia, ingawa hakuwa na wazo hata moja.

Wazo alilipata njiani. "Juje, wewe unajua kuchora. Chora mfalme wetu."

"Kwani tulikuwa na mfalme?"

"Lazima tulikuwa naye. Kila watu wana mfalme."

"Sura yake ilikuwaje?"

"Ya kifalme! Unauliza maswali kama polisi."

Juje alichora kwenye shuka la zamani. Alimpa mfalme taji la dhahabu, upanga, na masharubu yaliyojikunja ncha. Rangi nyeusi ilikuwa haitoshi, akampaka rangi ya maji ya kunde. Lusia alimtazama mfalme huyo akajiona ameshashinda.

Ijumaa alimtundika mbele ya darasa. Mwalimu Ganapati aliinua nyusi, na ilionekana amependezwa.

"Kazi nzuri. Anaitwa nani?"

Jina Lusia hakuwa amelifikiria. "Anaitwa... Mfalme Zambaru."

"Alitawala wapi?"

"Afrika."

"Afrika sehemu gani?"

"Yote."

Mwalimu alikohoa. Ndipo Prakash aliponyoosha mkono juu, amejaa furaha kama mtu aliyeokota pochi. "Mwalimu, huyu mimi namjua! Baba yangu anacheza naye karata kila Jumapili!"

Kila mtu akaona. Yalikuwa masharubu ya karata, upanga wa karata, hata lile taji. Darasa zima lilicheka mpaka wengine wakalala juu ya madawati, na Juje akajikunyata akitamani ardhi ipasuke immeze.

Mwalimu Ganapati hakucheka, na hilo lilimuumiza Lusia kuliko vicheko vyote. "Nilikupa nafasi, ukaniletea uongo. Jumatatu utavaa majani. Utaongoza."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Lusia ilikuwa imeishia mbele ya ubao.

Nyumbani Bibi Anjelin alikuwa amekaa barazani akitafuna tambuu. Juje hakuweza kuficha jambo. Alimweleza yote kabla hajavua mkoba. Bibi alitema tambuu pembeni, na wote wakajua kuna maneno yanakuja.

"Nani kakwambia tulikuwa na mfalme?"

"Hakuna, bibi."

"Ukamtoa wapi?"

"Wanatucheka, bibi!" Machozi yalimtoka Lusia, ya hasira zaidi kuliko huzuni. "Kila mwaka wanatuvisha majani watucheke. Nilitaka tuwe na mtu mkubwa."

"Kwa hiyo ukaazima wa karata. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, mjukuu wangu. Umeivaa, na umeona walivyokuona." Bibi alijifuta midomo, akasogea. "Kaeni hapa. Mtu mkubwa mnaye. Hamkuniuliza tu."

Akawasimulia. Wazee wao waliletwa kwa meli kutoka Afrika hadi Goa, kule pwani, wakauzwa kwa Wareno. Katika nyumba moja kulikuwa na mwanamke aliyetwanga mpunga wa watu kutwa nzima. Msimu mmoja wa mvua alisikia kwamba mtoto wake atauzwa nyumba nyingine. Alfajiri alimfunga mgongoni, akausimamisha mchi kinuni na kuufunika gunia ili atazamaye kwa mbali adhani bado anatwanga, akatoka. Aliufuata mto kuelekea chanzo chake, akapanda milima hii, akaingia msitu huu, ambamo hakuna bwana aliyethubutu kumfuata.

"Alikuwa anaitwa nani?" Juje aliuliza.

"Hatujui."

"Alitoka nchi gani ya Afrika?"

"Hatujui. Waliomnunua hawakumuuliza, na aliyemzaa alibaki ng'ambo. Tunajua alitembea. Mama yangu aliniambia, naye aliambiwa na mama yake. Wewe Lusia unasimama juu ya miguu ile, halafu unakwenda kutafuta masharubu ya karata!"

Lusia aliitazama miguu yake. Kisha akafuta machozi kwa kiganja. "Bibi, nifundishe kushona kawandi. Nataka kumshona huyo mama."

Kawandi ni blanketi la viraka, na hakuna nyumba ya Kisidi isiyokuwa nalo. Nguo za familia zikichakaa hazitupwi. Hukatwa na kushonwa juu ya sari kuukuu, na wajukuu hulala chini ya nguo za babu zao. Lusia alilala humo tangu kuzaliwa bila kuliwazia.

Jumamosi asubuhi walianza, Lusia, Juje na Mariani, dada mdogo wa Juje. Lusia alichukua kiraka, akakiweka katikati kabisa ya sari, akachoma sindano. Bibi akampiga kofi jepesi mkononi.

"Unafanya nini?"

"Naanzia katikati, bibi. Mama atakaa hapo."

"Kawandi linaanzia ukingoni. Unashona kuzunguka, unaingia ndani polepole, na katikati ndipo unapomalizia. Ukianzia katikati litajikunja kama uso wako ukinuna."

Juje alicheka. Bibi akamtupia sindano na uzi. "Na wewe shona. Vidole vilivyochora karata vinaweza kushona."

Walishona wakizunguka. Siku ya pili, baada ya misa, mama zao na shangazi zao walikuja na viraka vyao wakaketi pande zote za blanketi, wakishona na kuimba na kuteta majirani. Mmoja alileta sare ya shule ya mwanawe, mwingine kipande cha sari ya arusi. Ilipofika zamu ya kumkata yule mama, Mariani aliokota kitambaa cha rangi ya maziwa.

"Tumkate hiki. Nyeusi itamfanya asipendeze."

Sindano zilisimama. Lusia alimtazama binamu yake mdogo na kujiona mwenyewe, kwani mfalme wake naye hakuwa mweusi.

"Mimi na wewe tuna rangi gani, Mariani?"

"Nyeusi."

"Hatupendezi?"

Mariani aliinamisha kichwa. Bibi Anjelin aliinuka, akaingia ndani, akarudi na koti jeusi la marehemu babu, lile alilovaa kanisani kila Pasaka. Wanawake walishtuka.

"Mama, si koti hilo!"

"Ndilo hilo," Bibi alisema. Alishika mkasi akalikata mwenyewe. "Mume wangu alikuwa mweusi tii na nilimpenda hivyo hivyo. Mshoneni mama yetu kwa hili."

Wakamshona: mwanamke mweusi anayepanda mlima, mtoto mgongoni. Kabla ya kuufunga mshono wa mwisho, Bibi alitia punje chache za mchele ndani ya tumbo la blanketi. "Asilale na njaa," alisema.

Jumatatu Lusia alilikunja blanketi mapema, akalibeba begani. Bibi alisimama mlangoni akamzuia.

"Halitoki hilo."

"Kwa nini? Tumelimaliza!"

"Pembe zake hazina maua. Liko uchi."

"Bibi, tutachelewa! Nani ataangalia pembe?"

"Mimi naangalia. Kawandi bila maua pembeni halionyeshwi mbele za watu. Utakaa utayashona, au blanketi libaki."

Lusia alikaa, amefura. Alikunja vitambaa vidogo vya pembetatu, kimoja juu ya kingine, akavishona kila pembe, na Juje akamvutia uzi. Alipokuwa kwenye pembe ya mwisho mkono wake ulisimama ghafla.

"Nini?" Juje aliuliza.

"Hakuna," Lusia alisema, lakini alikuwa anatabasamu. "Chukua ngoma yako. Twende."

Walifika shuleni viti vimeshajaa. Langoni kulikuwa na lundo la majani mabichi na kopo la chokaa, na Mwalimu Ganapati alikuwa akitazama saa.

"Mnachelewa mpaka leo? Vaeni upesi!"

"Mwalimu, siku ile nilikudanganya," Lusia alisema. Aliinua sauti ili hata Prakash asikie. "Hatuna mfalme Zambaru. Nilimtunga. Niadhibu kwa uongo, nitapokea. Fimbo, kufagia, chochote. Lakini majani sivai."

"Lusia!"

Yeye na Juje walilikunjua blanketi, wakalishika juu kila mmoja na pembe zake. Minong'ono ilikatika.

"Huyu ndiye historia yetu. Alikuwa mtumwa Goa, akakataa mwanawe auzwe, akatembea mpaka hapa." Lusia alishika pembe moja akaionyesha. "Na haya ni maua. Tumechelewa kwa sababu ya haya. Bibi alisema blanketi lisilo na maua liko uchi, haliwezi kuja mbele za watu. Mwalimu, kama hata blanketi letu haliendi uchi mbele za wageni, kwa nini sisi twende?"

Hakuna aliyecheka. Prakash peke yake alijaribu. "Na huyo anaitwa nani?"

"Hatujui," Lusia alisema, akimtazama usoni. "Walimnyang'anya jina. Miguu hawakuiweza."

Prakash alirudi nyuma ya wenzake.

Mwalimu Ganapati alilisogelea blanketi. Aliitazama njia ya mishono inayozunguka kutoka ukingoni hadi kwa yule mama, kisha akalitazama lundo la majani. "Miaka yote hii nimewavisha," alisema taratibu. "Sikuwahi kuuliza hata siku moja." Akalisukuma kopo la chokaa nyuma ya mlango kwa mguu. "Litundikeni. Chezeni mlivyo."

Juje aliipiga damam, ile ngoma yake, kama anayemjibu kila aliyewahi kumcheka, na watoto wa Kisidi wakacheza wakiwa na sare zao, nyuso zao zimeng'aa kwa jasho lao wenyewe. Ngoma ilipokwisha, yule mgeni mnene wa mwaka jana alikuja na skafu yake, mkono umeshaelekea kichwani kwa Lusia.

Lusia akarudi hatua moja. "Samahani, mzee. Blanketi ruksa kugusa. Kichwa changu hapana."

Mkono ulibaki hewani. Kisha mzee aliushusha, akaligusa blanketi kwa ncha za vidole.

Wageni walipoondoka, Mwalimu Ganapati alimkumbusha Lusia kwamba adhabu ya uongo iko pale pale: kufagia darasa wiki nzima. Lusia alikubali. Bibi Anjelin, aliyekuwa amekuja akiwa na sari yake ya kanisani, alisikia akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umesikia, mjukuu wangu? Uongo ulikuvisha taji, ukachekwa. Ukweli ulikuja na viraka, wakanyamaza. Usimwongezee mama huyu chochote na usimpunguzie weusi wake. Anatosha."

"Tuliache blanketi ukutani, bibi?" mwalimu aliuliza. "Watoto wote walione."

"Mpaka baridi ianze," Bibi alisema. "Kawandi ni la kulalia."

Kisha akainama pale langoni, akayakusanya yale majani yote, akayafunga mzigo na kujitwisha kichwani.

"Bibi, unayapeleka wapi?" Juje aliuliza.

"Kwa mwenyewe," alisema Bibi Anjelin, na jioni ile ng'ombe akayala yote.