Gari la Kaveke Likisimama

Rafiki yangu Kaveke, mwalimu mkuu pale Kitui, alipeleka gari kwa Kiilu, fundi wa magari katika soko la Kabati, kwa jambo dogo tu. Likienda lilikuwa sawa, lakini likisimama bila kuzimwa, lilitetemeka.

Kiilu alibadilisha plagi. Akasafisha nozeli za mafuta, akaweka raba mpya za kushikilia injini. Bado lilitetemeka. Akafunga milango ya mabati ya gereji ili kelele za soko zisimchanganye, wakaketi ndani ya gari gizani, wakaisikiliza injini.

"Mwalimu, hii kitu ilianza lini?"

"Alhamisi ile ya mvua, nikitoka Zombe."

"Uligonga kitu?"

Kaveke aliinamisha kichwa. Hakuwa amemwambia mtu, hata mumewe. Siku hiyo alikuwa amebeba wageni wa shule, na shangazi yake Kalekye akampungia mkono kando ya barabara, amelowa chapachapa, matope hadi magotini. Kaveke aliona haya, hakutaka wageni wajue huyo ni mtu wa kwao. Akatazama mbele, akapita. Asubuhi iliyofuata shangazi alikutwa pale pale, amekufa kwa baridi. Na kwenye mazishi, Kaveke ndiye aliyezungumza kwa niaba ya familia.

"Sikugonga kitu," alisema kwa sauti ndogo. "Nilimwacha mtu."

Kiilu alizima injini, akachomoa ufunguo. Mngurumo ukafa, usukani ukatulia. Kisha wakasikia springi zikilia taratibu nyuma yao, wakageuka wote wawili.

Kiti cha nyuma kilikuwa bado kinatetemeka.