Herufi ya Nne

Bahiya alibonyeza herufi tatu, zikatoka nne.

Akajaribu tena. Q, W na A kwa mpigo mmoja, na S ikajichomeka yenyewe kwenye skrini. Wateja wa duka lake la kompyuta hapo Garsen walikuwa wamelalamika wiki nzima, naye akawaona wana mikono mizito tu. Chini ya meza bintiye Ikran, hata miaka miwili hajafikisha, alikuwa amelala fofofo kwenye mkeka.

“Hii si jini, dada,” alicheka Danson, fundi aliyemwita aje kuikagua. “Ni kibodi ya bei rahisi. Nyaya zake zimekatizana kama wavu. Ukishika pembe tatu za tundu moja la wavu huo, umeme unapenya mpaka ya nne, kompyuta inaona nayo umeibonyeza. Lakini lazima ziwe tatu. Mbili hazileti kitu. Jaribu uone.”

Bahiya akabonyeza Q na W. Zikatoka Q na W. Kisha A. Kisha S.

Kicheko kikamkauka Danson. “Toa vidole.”

“Nimetoa,” Bahiya alinong’ona. “Angalia A.”

Kitufe cha A kilikuwa kimezama, kimeshikiliwa chini, na hakuna aliyekigusa. Ikaja harufu ya nyama iliyoungua, na Bahiya akaingiwa na hofu ya kweli, maana alikumbuka juzi, katika pilkapilka za alasiri, alipomwaga sufuria nzima ya maji ya moto nyuma ya duka bila kusema bismillahi, jambo ambalo mamake alimkanya tangu utotoni, kwamba wasioonekana nao huketi hapo chini na watoto wao.

“Nisamehe, mama mwenzangu,” alisema. “Sikumwona mwanao.”

A ikainuka. Danson akashusha pumzi. Halafu vitufe vikazama vingi kwa pamoja, polepole, kutoka upande mmoja wa kibodi hadi mwingine, na skrini haikuandika hata herufi moja.

“Vikizidi hivyo inanyamaza, haijui kipi ni kipi,” Danson alisema kwa sauti ya chini, akirudi nyuma. “Dada, hiyo si mikono. Kuna mtu amelaza kitu hapo.”

Mzazi yeyote angeutambua uzito ule, kichwa huku, miguu kule. Bahiya akainama haraka kumchukua Ikran.

Mkeka ulikuwa bado na joto, lakini mtoto hayupo. Na juu ya kibodi, kitu kikaanza kulia, kikitaka kubebwa.