Jina Lililokuwa Likiisha

Kiza kilikuwa kinaingia Marion alipomtuma mumewe maziwa kwa jirani yao Ondieki. Ogeto alichukua jagi la plastiki, akatoka bila kubisha. Mwanamume gani atang'ang'ania kukaa ndani ya nyumba ambamo mtoto analia tangu alasiri, na mke amemtupia jicho lile?

Njia ya kwa Ondieki ilipita katikati ya migomba. Mvua ilikuwa imekatika, lakini majani bado yalidondosha maji. Top… top… Kilio cha mtoto kilimfuata hadi kwenye kona ya shamba.

Kabla hajafika mbali, tumjue mtu wetu. Ogeto alikuwa na duka la kuchapa na kutoa nakala pale Mosocho, na shahada ya isimu aliyoitundika ukutani juu ya mashine. Wateja wakipungua, alitunga lugha. Sisemi misimu ya vijana. Ni lugha nzima, na asili yake aliibuni mwenyewe: ndugu wa Kifini aliyelelewa na majirani Warusi mpaka akaokota matamshi yao. Kisha akaizeesha. Sauti za lugha husogea karne hata karne, naye alizipanga hatua zake kwa furaha ya mtoto anayejenga nyumba ya matope. Hapa K inalainika mbele ya I na kuwa CH. Hapa irabu ya mwisho inachoka na kudondoka. Marion alikuwa akisema kwamba wako wanaume wanaolewa chakari, afadhali huyu wake.

Tena, kwa kuwa lugha iliyokufa ilimnogea kuliko iliyo hai, aliwaua wasemaji wake wote. Aliwaletea baridi kali na njaa, wakaisha. Hakuwazika. Nani ana muda wa kuzika watu wa kubuni?

Halafu akazaliwa binti yake. Ashley lilikuwa jina la kliniki na la kanisani. La nyumbani ndilo lilisumbua. Kwao, kwa Wagusii, mtoto akilia bila sababu, huitiwa marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Maana yake marehemu mwenye jina amerudi kupitia kwa mtoto. Nyanchoka, mama yake Ogeto, alitoka Nyamira kwa kazi hiyo. Alikuwa Msabato wa kuaminika, ila hili hakuona haja ya kumsumbulia mchungaji. Alimpakata mtoto, akawaita wafu wa pande zote mbili.

Mtoto alilia tu.

Majina yalipomwishia, bibi alimkabidhi Ogeto mtoto. Ogeto alikuwa amechoka. Alimbembeleza akizunguka sebuleni, na ulimi wake ukatoa kilichokuwa karibu: Kiveri. Huyo alikuwa mama wa kwanza wa wale watu wake wa kubuni, na jina lake ndilo alilolitumia kujaribia kila badiliko la sauti.

Mtoto akanyamaza.

"Umemwita nani?" Nyanchoka aliuliza.

"Mtu wa upande wa baba. Wa zamani sana."

Bibi alifurahi, akamtemea mtoto mate ya baraka kwenye paji la uso. Ogeto aliona aibu kidogo, kisha akaona raha. Uongo ulikuwa mdogo na usingizi ulikuwa mtamu.

Lakini jioni hii ya maziwa Kiveri lilikuwa limekataa. Alijaribu Chiver, umbo changa kuliko yote aliyowahi kuyapanga. Mtoto alitulia kidogo, akaanza upya. Ndipo akatumwa maziwa.

Katikati ya migomba, harufu ilimjia. Ulikuwa moshi wa kuni asizozijua, si mkaratusi wala mwati, na ndani yake ubaridi mkavu kama wa friji iliyofunguliwa. Kisha sauti ya mwanamke, ya chini, ikiita kama mama anavyomwita mtoto arudi kutoka michezoni.

"Chver…"

Ogeto aliganda. CH, kisha V, bila irabu katikati. Mgusii akipewa neno la namna hiyo hulichomekea irabu hata kwa kificho. Vinywa vyetu havipendi kubanwa. Na yeye hakuwa amefika hatua hiyo. Baada ya Chiver hakuwa ameandika kitu.

Basi akaelewa. Sauti hazisogei zenyewe ndani ya kompyuta. Huchakaa vinywani, watu wakizungumza kila siku, mama na watoto wao. Kama jina limesogea, basi kuna vinywa.

Alikimbia. Jagi lilibaki matopeni. Aliingia ndani akihema, akainama juu ya mtoto aliyekuwa ameiva uso kwa kulia, akanong'ona, "Chver."

Kimya.

Jioni hiyo alimwambia mama yake ukweli wote. Nyanchoka alikunja na kukunjua leso mapajani.

"Uliwafanya watu," alisema hatimaye. "Ukawaua. Hukuwaachia hata mtoto mmoja wa kuitwa jina lao. Mfu wa hivyo hatulii, Ogeto. Na wewe umempa mtoto wako."

"Tubadilishe jina, Mama."

Bibi alijaribu. Alimwita mjukuu kwa jina la marehemu mama yake mwenyewe, jina zuri, la mwanamke aliyependwa na wengi. Pumzi ya mtoto ilikwama. Kifua kilisimama. Midomo ikaanza kuwa ya zambarau…

"Mwite lile lingine," alisema Marion kwa sauti ndogo sana. "Nakuomba, Baba Ashley."

Akamwita. Kifua kikapanda tena.

Ogeto alifuta kila kitu: kwenye kompyuta, kwenye simu, na vyote alivyowahi kuwatumia marafiki mtandaoni. Alidhani lugha isiyoandikwa popote itakufa mara ya pili. Kesho yake, jua lilipozama, mtoto alilia, na Chver halikufua dafu.

Akachukua jagi.

Sauti ilikuwa palepale. "Chve…" R ilikuwa imedondoka. Alirudi mbio nayo mdomoni, kama mtu aliyebeba maji viganjani, na mtoto akatulia.

Tangu hapo hawajapata njia. Daktari wa Kisii mjini alisikiliza mapafu, akasema ni mazima. Mchungaji aliomba mpaka shati likalowa. Wakahamia Nyamira kwa bibi, na jioni ile ile moshi wa kuni zisizojulikana ukawafikia kutoka kwenye majani chai, na mwanamke akaita. Wakarudi, na bibi pamoja nao. Ukifungwa, afadhali ufungwe kwako.

Ondieki, jirani mwema asiyesikia lolote, amezoea kumwona Ogeto akipita na jagi kila magharibi. Humtania kwamba huyo mtoto atakunywa ng'ombe mzima. Ogeto hucheka. Ana hofu, na anaona haya kwa hofu hiyo, kwa maana ni yeye aliyeifundisha lugha ile kuchakaa. Alitaka maneno yaliwe kutoka mwisho, silabi zibanwe, zimezwe, kwa sababu karatasini ilipendeza. Hakuna aliye hai anayejua kama yeye sauti ipi inafuata kuanguka.

Wiki iliyopita lilikuwa Che. Juzi CH peke yake, kama mtu anayemnyamazisha mwenzake.

Leo mwanamke alikuwa karibu zaidi, nyuma ya mgomba wa pili. Ogeto alisikia jani likisogezwa. Mwanamke hakuita neno. Alivuta hewa, akaiachia polepole, na hewa hiyo ilikuwa ya baridi.

Hilo ndilo lililokuwa jina.

Alirudi nalo nyumbani. Aliinama, akampumulia mwanawe usoni, na mtoto akanyamaza, akatabasamu. Bibi aliondoka chumbani. Marion alisimama mlangoni na shuka la mtoto mikononi.

"Kesho utamwitaje?" aliuliza.

Ogeto alitega sikio dirishani. Nje, migomba ilikuwa imeacha kudondosha maji. Hakukuwa na sauti, hata ya pumzi. Katika kimya hicho mtoto aligeuza kichwa dirishani kama aliyeitwa jina lake, akaitikia.