Kipimo cha Harufu

Walikutana kwenye foleni ya duka la vifaa vya ujenzi, watu wakikanyagana. Mwanamke alivaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi. Nyuma yake fundi akajipenyeza na gunia la makaa begani.

"Samahani, dada. Nimekuchafua."

"Umenichafua au umenitia chapa?"

Mwanamke huyo alikuwa mpimaji kwenye maabara ya idara ya maji. Fundi alichoma maranda ya mbao kuwa makaa ya kuchujia maji. Baada ya wiki tatu, kila simu yao iliishia kwa "kata wewe kwanza, mpenzi."

"Nikipata zabuni yenu, nakuoa."

"Usiponioa nitakushtaki kwa blauzi yangu!"

Fundi akaleta sampuli ya makaa yake. Mpimaji, akihofia wenzake watasema anambeba mchumba, hakumwuliza neno. Aliyapima kama makaa mengine yote, kwa harufu: akapitisha humo maji yanayonuka. Maji yakanuka vilevile. Akaandika "Hayafai", akasaini.

"Hata kuniuliza?" fundi alilalamika kwenye simu.

"Wangesema nakubeba."

"Basi umenitua."

Siku hiyo fundi ndiye aliyekata kwanza.

Majuto ni mjukuu, na huyu alizaliwa baada ya miezi minane, mabomba ya zamani yalipogundulika yanaingiza madini ya risasi kwenye maji. Mpimaji alikumbuka kopo la sampuli kabatini. Akapitisha maji yale kwenye makaa, yakatoka bila risasi. Alipoyachunguza akagundua kumbe fundi aliyaloweka kwenye tindikali makusudi. Matundu yalikuwa yaleyale, ila ngozi ya makaa ilibadilika: ikaacha harufu ipite, ikang'ang'ania risasi. Mpimaji akalia waziwazi, mbele ya wenzake walewale aliowaogopa.

Akapiga simu. "Makaa yako yanashika risasi!"

"Najua, mpenzi..." Fundi akajirekebisha. "Najua, dada. Niliona mabomba makuukuu nyumbani kwenu, nikamfikiria mama yako."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja uniulize. Kiburi changu nacho kina lawama."

"Njoo, nitaandika upya leo hii."

"Tanuri nimeshauza. Na Jumamosi naoa."

"Hongera," mpimaji alisema.

"Kata wewe kwanza," fundi alisema kwa upole.

Hakuweza. Alibaki na simu sikioni hata baada ya upande wa pili kukatika.

Jioni alipeleka kopo kwa mama yake, akamchujia maji ya kunywa. Makaa yalitosha ndoo sita tu.