Mwavuli Mwekundu wa Mama Orpa

— Élie, Jumamosi hakuna tena! Mama amekataa!

— Chérie, unasema nini?

— Ameona page ya jana! Mutaa yote ya Kikula imemuona! Weye, Élie, weye ulichora mama yangu mulozi!

Kalamu ikamponyoka Élie mkononi. Jumamosi ndiyo siku ya kupeleka dot, yaani mahari, kwa kina Shekina, mchumba wake huyo kwenye simu. Kreti za sucré, soda za wageni, zilishapangwa, na mbuzi alishafungwa uani anapiga kelele.

Jamani, huyu Élie mumjue kwanza. Mchana anatengeneza simu pale Kikula. Jioni anachora katuni yake, Bana ba Ng'ambo, yaani Watoto wa Ng'ambo, na kuituma ukurasa kwa ukurasa kwenye kikundi cha WhatsApp. Vijana wa mji wetu wa Likasi wanaigombania kama ugali wa moto! Ni hadithi ya watoto wenye maajabu: mmoja anawasha taa kwa kupuliza, mwingine anaita mvua kwa mluzi. Lakini kila mmoja ana mwenzake ng'ambo ya ziwa Tshangalele, yaani ni yeye huyo huyo, ila ameishi maisha mengine. Katikati kuna mlango ndani ya maji, na Mama wa Mlango ameufunga ili wasionane kamwe.

Utamu wenyewe uko kwenye kuwinda. Élie huwaficha watu wa mji humo ndani, wasomaji wanawavumbua. "Huyu si Albert wa pikipiki?" "Mutazame ile kofia, ni Samy!" Wanacheka mpaka mbavu ziume.

Jana sasa, kijana akapitiliza. Akampa Mama wa Mlango mwavuli mwekundu wenye kijiti kilichovunjika, kimefungwa kwa uzi wa bluu. Mwavuli wa namna hiyo Kikula ni mmoja tu, na unakaa juu ya meza ya Mama Orpa, muuza makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi; yeye ndiye mama mzazi wa Shekina na kiongozi wa wamama wa maombi. Mtu mmoja akaandika: "Tumemufahamu! Mulozi wa Kikula!"

Élie hakuwahi kuandika neno mulozi, yaani mchawi. Lakini kwetu neno hilo si la mchezo. Asubuhi ile wateja walipita mbele ya meza ya Mama Orpa wakitazama pembeni.

— Nakuya sasa hivi, Élie akasema kwenye simu.

— Usikuye! Mama atakupiga!

— Anipige. Nakupenda, Shekina. Nakuya.

Akamkuta Mama Orpa amesimama katikati ya uwanja wa nyumba yake, mwavuli mkononi, dada yake Berthe kando yake. Shekina yuko mlangoni, macho mekundu.

— Njo huyu! Mama Orpa akapaza sauti. Mukwe wangu! Kuya uone mulozi wako!

Élie akapiga magoti pale pale kwenye vumbi.

— Mama, unisamehe. Ile neno sikuandika minye.

— Lakini mwavuli ulichora weye! Bamama ba maombi bananiuliza kama narukaka angani usiku! Tangu asubuhi hakuna muntu amenunua hata kipande. Utakula weye hizi makayabu yote?

— Nitakula, mama.

— Usinichekeshe, nimekasirika! Nani alikuambia nafunga mulango ya Tshangalele?

Shekina akasogea.

— Ni minye, mama. Kila mara nikikuuliza habari ya kwenu kule ziwani, unasema "funga hiyo mulango". Nikamwambia Élie. Haikuwa kwa ubaya.

Mama Orpa akaketi juu ya kreti. Akauzungusha mwavuli, akauzungusha tena.

— Sasa mwenzake iko wapi?

— Mwenzake wa nani, mama?

— Usinizungushe! Ile page nimeisoma, na zingine zote Berthe ananitumiaka tangu mwanzo!

Berthe akaangalia chini, kama mwizi wa kuku.

— Kila muntu iko na mwenzake ng'ambo, Mama Orpa akaendelea. Ya Mama wa Mulango iko wapi? Ama yeye hana?

— Sijamuchora bado. Sijue ni nani, Élie akajibu. Mama unamujua?

Hapo sauti ya Mama Orpa ikashuka.

— Iko mu maji. Minye nilizaliwa pembeni ya ile ziwa. Nilikuwa naogelea kupita bavulana bote. Nilitaka pirogue yangu, mutumbwi yangu mwenyewe, nivue, niuzishe samaki yangu mubichi. Baba akasema mwanamuke mu pirogue analeta mukosi. Akanileta huku kuolewa. Tangu hapo sikuingia mu maji tena. Nauzisha makayabu, samaki ya bantu bengine, ilikauka zamani.

Shekina hakuwahi kuyasikia hayo. Akamkumbatia mama yake kwa nyuma, akalia wazi.

— Berthe, leta carton! Mama Orpa akaamuru, akifuta macho. Na weye, chora huyo mwenzake!

Élie akachora kwenye carton la samaki, magoti bado chini.

— Nywele?

— Ndefu! Usiniwekee kitambaa. Na mikono iwe na nguvu, nilikuwa navuta wavu!

Picha ikapigwa, ikatumwa. Chini yake Élie akaandika: "Mama wa Mulango ameona mwenzake, ameachilia mulango. Huyu njo Mama Orpa wa Kikula. Hapana mulozi. Nilikosea kwake, anisamehe. Ni mama ya bibi yangu Shekina, kama atakubali."

Simu ikaanza kulia mfululizo. Reine, jirani, akaandika: "Kesho makayabu nanunua kwake!"

— "Kama atakubali," Mama Orpa akasoma, midomo imebana kicheko. Nani alikuambia nimekubali? Kuya Jumamosi. Tutaona kama unajua kutambua bantu.

Jumamosi uwanja ukajaa. Kama desturi ilivyo, kina Shekina wakatoa mmoja mmoja wanawake waliofunikwa pagne, yaani kitenge, mchumba amtambue wake.

— Ni huyu? Berthe akauliza.

— Hapana! Bibi yangu hana hiyo urefu!

Vicheko. Akatoka wa pili, akiyumba kama mtu anayepiga kasia. Maji yanadondoka kutoka chini ya pagne! Élie akatazama viganja vilivyoshika pagne, vimepasuka kwa chumvi.

— Huyu pia hapana bibi yangu. Huyu ni mwenzake wa Mama wa Mulango!

Pagne ikavutwa. Mama Orpa! Kichwa wazi, nywele zimeloa, anacheka kama binti.

— Ametambua! Mulete Shekina!

Shekina akatoka kwa pagne ya njano, akasimama mbele ya mchumba wake.

— Élie, na mwenzangu wa ng'ambo, aliolewa na nani?

— Na minye. Nilijaribu kumuchorea bwana ingine, kalamu ikakataa.

— Basi, mumuchukue! Mama Orpa akasema.

Vigelegele vikalipuka uwanja mzima, na cha kwanza kilikuwa chake.